Pimbi, Kiboko na Asante za Uongo

Wenzangu, nirushe?

— Rusha!

Nikirusha mbali?

— Tutafuata!

Nikirusha karibu?

— Tutangoja!

Basi kaeni vizuri. Mwenye mtoto ampakate, na wewe uliyesimama mlangoni ingia ndani au toka nje, maana unaniingizia baridi.

Hapo kale wanyama walikuwa na mchezo wao. Haukuwa mchezo wa mbio wala wa mieleka. Ulikuwa mchezo wa visahani. Walichukua kibuyu kikavu, wakakikata, wakasugua kingo zake kwa mchanga mpaka wakapata kisahani chepesi, laini, kinachokaa vizuri mkononi, na kwa asiye na mkono, kinachokaa vizuri mdomoni. Kisha walifuma vikapu vya ukindu, wakavitundika kwenye miti. Unapanda juu ya jiwe, unarusha kisahani chako, vuuuu, kinakwenda. Kikiingia kikapuni, cha, umemaliza. Kisipoingia, unakifuata pale kilipoangukia na kurusha tena kutoka pale pale, mpaka kiingie. Aliyerusha mara chache kuliko wenzake ndiye mshindi. Mchezo wenyewe ni huo tu.

Uwanja ulikuwa kule juu mbugani, na ulikuwa uwanja wa wakubwa. Walicheza Twiga, Swala na Nyumbu. Kutoka kikapu kimoja kwenda cha pili ilibidi ufunge chakula cha njiani. Siku moja Kobe alikwenda kujaribu. Alirusha, vuu, kisahani kikaanguka mbele ya pua yake. Nyumbu walicheka mpaka wakagaagaa chini. Kobe aliokota kisahani chake akarudi nyumbani, na kwa mwendo wake ule, alipata muda mrefu sana wa kukisikiliza kile kicheko kichwani.

Habari ile ikamfikia Pimbi. Pimbi mnamjua: mwili wa kupakata, mkia hana, kazi yake kuota jua juu ya mwamba. Watu hudhani anasinzia, kumbe anafikiri. Alifikiri kwa siku kadhaa, halafu akashuka, akawaita wadogo wenzake, akawapeleka mahali pale mto unapopinda, ambapo maji yametulia yakawa bwawa. Kando ya bwawa palikuwa na kiwanja kidogo, tambarare, chenye miti michache. Wakatundika vikapu sita. Kikapu cha kwanza kilikuwa karibu na jiwe kiasi kwamba ukipiga chafya wakati wa kurusha, kisahani kinafika. Cha pili kilikuwa mbali kidogo. Cha sita ndicho kilichokuwa na ugumu, kwa sababu kilikuwa karibu na maji.

Pimbi akaweka sheria moja tu. Alisema kwamba pale hachekwi mtu. Ukikosa, wenzako wanasema "bado," basi, unarusha tena.

Kobe akarusha. Bado. Akarusha tena. Bado. Akarusha tena, cha! Kobe alisimama akakitazama kisahani chake ndani ya kikapu, akakataa kukitoa mpaka kila mmoja apite akione. Nungunungu akarusha, kisahani kikanasa kwenye miiba ya mgongo wake mwenyewe. Bado. Kinyonga alikuwa akichukua muda mrefu hivi kujipanga juu ya jiwe hata wengine walikwenda kula wakarudi, wakamkuta bado anainua mguu. Hakuna aliyemharakisha.

Katika wale wadogo alikuwapo Mama Kanga. Mama huyu alikuwa amefiwa. Kiangazi kilichopita nyasi ndefu zilishika moto, na mumewe aliingia humo kutafuta vifaranga. Vifaranga walitoka. Yeye hakutoka. Tangu siku hiyo Kanga alikuwa haongei sana, na usiku alikuwa halali, anakaa macho akinusa kama kuna harufu ya moshi. Pimbi alikwenda kumbembeleza mara nyingi, mpaka siku moja akakubali kuja kutazama tu. Akapewa kisahani ashike tu. Akaambiwa ajaribu mara moja tu. Alirusha, kisahani kikaenda nyuma yake.

"Bado," wenzake wakasema.

Alirusha mpaka jua likageuka. Na kilipoingia, cha, Kanga akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kimekaukakauka kwa kukaa sana bila kutumiwa. Wote waliacha kurusha wakasikiliza. Kisha akaanza kushukuru. Alilishukuru jiwe, akakishukuru kikapu, akaushukuru upepo. Akamshukuru kila aliyesema "bado." Kutoka siku hiyo ikawa tabia yake. Asubuhi akifika, asante. Jioni akiondoka, asante.

Wakakaa hivyo kwa raha, mpaka siku Kiboko alipokuja.

Kiboko huyu alikuwa amefukuzwa na ndugu zake huko chini mtoni, kwa sababu alitaka bwawa zima liwe lake na wao wasimame ukingoni. Alikuwa mnene, na uchoyo wake ulikuwa mnene kuliko yeye. Alikuja tipwa, tipwa, tipwa, akaingia majini, maji yakapanda mpaka kwenye nyasi. Akatoa kichwa, akatangaza kwamba bwawa ni lake. Nyasi zinazolizunguka ni zake. Kivuli kikianguka hapo ni chake, na upepo ukipita juu yake, upite ukijua unapita kwa mwenyewe.

Wadogo waliitikia kwa adabu, maana Kiboko alikuwa akifungua kinywa unaona mpaka mwisho.

Siku hiyo hiyo kisahani cha Kobe kiliangukia majini, chubwi. Kobe alikwenda ukingoni, akaamkia, akaomba arudishiwe. Kiboko akajibu kwamba kilichoanguka kwenye maji yake ni chake. Akazama nacho mpaka chini, akakikalia. Kesho yake akakikalia cha Nungunungu. Kesho kutwa cha Kinyonga. Kucheza hakujua, na visahani vyenyewe havikumfaa kwa lolote. Alivikalia tu ili visiwe vya mwingine. Halafu akaona majini hapatoshi. Akapanda nchi kavu, akajilaza katikati ya njia ya kwenda kikapu cha pili, akakoroma, khrrr, khrrr. Mchezo ukasimama. Wadogo wakazunguka kwa kunyata ukingoni mwa kiwanja, kila aliyebakiwa na kisahani amekishika, wakarudi makwao.

Asubuhi yake walikuja tena, wakamkuta pale pale. Mama Kanga, kwa tabia yake ile, akasogea mbele.

"Shikamoo, Bwana Kiboko," akasema. "Asante kwa kutuachia ukingo jana. Tulipita vizuri."

Kiboko alifungua jicho moja. Halafu la pili.

"Nimewaachia?"

"Umetuachia."

"Mimi?"

"Wewe."

Kiboko aliruka kama aliyeumwa na siafu. Alijiona ameibiwa. Kumbe kuna kitu alikuwa nacho, kimetoka mikononi mwake, na watu wamekifurahia, na yeye hakujua. Akabingirika, bubu, bubu, bubu, akaenda kujilaza kwenye ukingo, akauziba wote.

Katikati pakabaki wazi.

Wengine walifurahi tu kupata njia. Pimbi alikuwa juu ya mwamba wake, macho nusu yamefumba. Asubuhi iliyofuata alishuka, akaamkia vizuri, akasema, "Asante, Bwana Kiboko, kwa kutuachia bwawa. Tangu ulipotoka tunaogelea, tunachota maji, hatuna shida yoyote."

"Nimewaachia?"

"Umetuachia."

"Mimi?"

"Wewe."

Chubwiii! Kiboko alirudi majini kwa kishindo, na kiwanja chote kikawa huru. Pimbi akaokota kisahani chake, akapanda juu ya jiwe, akarusha taratibu kama mtu ambaye hajafanya kitu.

Wenzangu, huo ndio ulikuwa ugonjwa wa Kiboko. Ukimtukana, haumii. Ukimlilia, hasikii. Ukimshukuru, anahisi amepunguka.

Mvua zikaja. Zilinyesha, zikanyesha, nyasi zikaota mpaka zikamfunika Nungunungu na miiba yake. Ukirusha kisahani, vuuuu, halafu kimya. Unaanza kutafuta. Kobe alitafuta chake kipya kuanzia asubuhi, na wenzake wakaanza kumtafuta Kobe. Kinyonga alikanyagwa. Na Mama Kanga akaacha kuja. Alisimama mbali, pale nyasi zilipoanzia, akazitazama zilivyo ndefu. Pimbi alipomfuata, Kanga akasema kwamba mguu wake unakataa. Alisema nyasi hizi zitakauka, na zikikauka anajua kinachofuata.

Pimbi aligeuka akashuka mpaka ukingoni mwa bwawa.

Lakini Kiboko hakuwa na hamu na nyasi za pale. Zilikuwa zake, basi inatosha. Yeye jioni alikuwa akivuka mto kwenda kula ng'ambo, kwa wengine, ili zake zisipungue. Pimbi akamwamkia, akamuuliza hali, akamsikitikia kwa mvua. Kisha akasema, "Asante, Bwana Kiboko, kwa kutuachia nyasi zikue. Watoto wetu wanajificha humo, sisi tunalalia, na wazee wanatafuna mashina yake matamu. Mwingine angezila zote. Wewe umetuachia."

"Nimewaachia?"

"Umetuachia."

"Mimi?"

"Wewe."

Kiboko alitoka majini hata hakujikung'uta. Alianzia kwenye jiwe. Chwaa, chwaa, chwaa. Akala mpaka kikapu cha kwanza. Chwaa, chwaa, chwaa. Akala mpaka cha pili. Alikuwa ameshiba alipofika cha tatu, lakini aliendelea, machozi yakimtoka, kwa sababu shina moja likibaki mtu atalitafuna. Alipomaliza cha sita, kiwanja kilikuwa kama kidevu cha bwana harusi. Kisahani cha Kobe kilionekana pale kilipokuwa tangu mwanzo, hatua chache tu nyuma ya Kobe mwenyewe.

Kesho yake Mama Kanga alikuja. Alikanyaga mguu mmoja, akasikiliza. Akakanyaga wa pili. Kisha akatembea mpaka katikati ya kiwanja, akasimama hapo, ardhi inaonekana pande zote. Akafungua mdomo ashukuru, na Pimbi akamrukia akamziba.

Hapo Pimbi akawaita wote nyuma ya kichuguu akawaeleza. Alisema wakimshukuru Kiboko kwa jambo zuri, ataliharibu. Akisikia wanafurahia nyasi fupi, anaweza kukifukua kiwanja chote. Kwa hiyo kuanzia leo, jambo likiwa baya washukuru. Likiwa zuri walalamike. Kobe aliomba arudiwe polepole, akarudiwa.

Basi ikawa kila asubuhi wanapanga mstari ukingoni wanalalamika. Kobe anasema jua linawaunguza kwa sababu ya nyasi fupi. Nungunungu anasema hana pa kujificha. Kinyonga anaanza kusema, wanamwacha anaendelea. Kiboko anasikiliza, anafurahi, na jioni anatoka kula tena, chwaa, chwaa, ili waumie zaidi. Kiwanja kikazidi kupendeza. Hata wanyama wa mbali wakaanza kuja na watoto wao kujifunza kurusha, na vizee ambavyo havijawahi kurusha chochote maishani vikapewa visahani na kuambiwa "bado."

Ila kulikuwa na shida ya visahani. Vingi vilikuwa chini ya Kiboko. Pimbi akashuka tena.

"Asante, Bwana Kiboko, kwa kututunzia visahani vyetu. Huku kwetu vingepasuka juani. Kwako viko salama, na siku tukivihitaji tunajua vilipo."

"Ninawatunzia?"

"Unatutunzia."

"Mimi?"

"Wewe."

Kiboko alizama. Alivikusanya kinywani, akaibuka, akaanza kuvirusha nje kwa hasira, kimoja kimoja. Vuuuu, kikaenda kwenye kichuguu. Vuuuu, kikampita Kobe kichwani. Vuuuu, na kile kikapinda hewani, kikaelea, kikashuka taratibu kwenye kikapu cha sita.

Cha.

Kiboko alibaki kinywa wazi. Alikitazama kile kikapu. Akafunga kinywa, akazama, na siku hiyo hakuonekana tena.

Sasa wenzangu, nataka niwaambie habari ya Mama Kanga, maana alikuwa mgonjwa. Ugonjwa wake ulikuwa wa asante. Zilimjaa. Kila asubuhi wenzake wakilalamika, yeye alifungua mdomo alalamike, na sauti haikutoka. Shingo ilimvimba. Alikuwa anakwenda nyuma ya kichuguu, anainamia shimo la mchwa, ananong'ona asante humo, lakini haikusaidia, kwa sababu si mchwa waliomfanyia wema.

Mchana mmoja, wengine wamekwenda kupumzika kwa sababu ya jua, Kanga alibaki kivulini karibu na kikapu cha sita. Akamwona Kiboko anatoka majini kwa kunyata, kama mtu mnene hivyo anaweza kunyata. Alikuwa na kisahani mdomoni. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akarusha. Kikaangukia miguuni pake.

"Bado," akasema Kanga.

Kiboko alishtuka hata akarudi nyuma. Akamtazama yule mama mdogo mwenye madoa.

"Mbona hucheki?"

"Hapa hatumcheki mtu," Kanga akasema. "Rusha tena."

Akarusha tena. Bado. Akarusha tena. Kanga akamwambia asikaze shingo sana, akiachie kisahani kiende chenyewe. Juu ya mwamba Pimbi alikuwa ameamka, anawaona, na manyoya yamemsimama. Kiboko akarusha tena, vuuuu, cha! Na safari hii hakuwa na hasira na mtu yeyote. Akatoa sauti ya ajabu kooni, na mkia wake ukapigapiga.

Hapo Kanga hakuweza tena.

"Bwana Kiboko," akasema, "nimechoka kukusikia ukilalamikiwa. Mume wangu aliungulia kwenye nyasi ndefu. Tangu kiangazi kile nilikuwa silali. Ulipozila hizi, nililala usiku kucha, na jana nililala, na juzi. Asante."

Pimbi alifumba macho. Alijua sasa vikapu vitakanyagwa, jiwe litasukumwa mtoni, na kiwanja kitakuwa tope.

"Nimekupa?" Kiboko akauliza.

"Umenipa."

"Mimi?"

"Wewe."

Kiboko akageuka huku na huku kutafuta hicho alichokitoa ili akichukue. Zile nyasi ndefu alikwisha kuzila, na za kesho hazijaota. Usingizi wa Kanga haukuwa mahali ambapo angeweza kwenda kuulalia. Alijipapasa tumbo kuona pamepungua wapi. Halikupungua. Akakaa chini, akafikiri mpaka masikio yakamcheza. Alikuwa ametoa kitu kikubwa, na alikuwa na vyake vyote, na juu yake kulikuwa na kitu kingine kilichoongezeka, kimekaa mahali fulani kifuani, kina joto.

"Sema tena," akasema.

Kanga akasema tena. Akazitoa zote, za nyasi, za visahani, za kivuli, moja baada ya nyingine, na shingo yake ikanywea ikawa shingo ya kawaida. Kiboko alizipokea amefumba macho. Zilipokwisha, akauliza kama hakuna zaidi.

Kwa hiyo asidhani mtu kwamba Kiboko aliacha uchoyo. Alipata cha kufanyia uchoyo, ndivyo ninavyosema. Jioni ile alikula nyasi mpaka chini ya mawe, na alfajiri alikuwa amekaa kando ya jiwe la kurushia, anangoja. Kila aliyefika alizuiwa kwanza ashukuru. Kobe alishukuru, na kwa kuwa alikuwa ameziweka nyingi, ilichukua asubuhi yote. Nungunungu akashukuru. Mgeni akija hata kabla hajarusha, anashukuru. Kiboko akaanza kuondoa magogo njiani ili ashukuriwe. Akasimama kwenye kina cha maji pale karibu na kikapu cha sita, na kila kisahani kilichoangukia huko alikidaka, akakirudisha, akainua sikio.

Ila siku moja akakumbuka. Akamuuliza Mama Kanga, mbona Pimbi alimshukuru kwa nyasi kuwa ndefu, na yeye anamshukuru kwa kuwa fupi? Kanga hakujua kusema uongo. Akamweleza.

Kila mtu alidhani Kiboko atapasuka kwa hasira. Yeye alihesabu hasara tu. Alikwenda mpaka kwenye mwamba, tipwa, tipwa, tipwa, akaweka mdomo kwenye ufa ambao Pimbi alikuwa ameingia.

"Pimbi," akasema, "zile ulizonipa zilikuwa mbovu. Nataka nzima."

Pimbi alibana zaidi ndani. Kiboko akajilaza mbele ya ufa, akaziba jua. Siku ikapita. Njaa ikambana Pimbi, baridi ikambana, mwisho akaona atoe tu maneno yaishe. Akapanda mpaka kwenye tundu la juu ya mwamba, akatoa kichwa, akaanza haraka haraka, asante kwa nyasi, asante kwa visahani. Alikuwa anatazama chini wakati akisema, akakiona kiwanja chote kwa mara moja. Akamwona Kobe anafundisha kitoto cha digidigi namna ya kushika kisahani. Akamwona Kinyonga juu ya jiwe, na foleni ndefu nyuma yake, na hakuna anayemsukuma. Akamwona Mama Kanga anatembea peke yake katikati ya kiwanja, polepole, hatafuti kitu. Sauti ya Pimbi ikakwama. Akasema tena, "Asante," na safari hii ilitoka imekwaruza, ikapanda juu, ikapasuka.

Kiboko aliinua kichwa.

"Hiyo ndiyo," akasema. "Hiyo ni nzima. Kesho niletee nyingine."

Ndiyo maana mpaka leo, jua likizama, utamsikia Pimbi kule kwenye miamba. Anaanza chini, anapanda, anapanda, mwisho anakwaruza kama mlango wa zamani. Watu husema analia. Halii. Na Kiboko naye akimsikia hutoka majini akaenda kukata nyasi, chwaa, chwaa, huku amesimamisha masikio yake yale madogo.

Sasa fundisho, maana hadithi bila fundisho mtasema nimewapotezea jioni. Fundisho ni hili, mlishike na watoto muwafundishe: ukitendewa wema, nyamaza. Usiseme asante hata kidogo. Ukimshukuru mtu, atazoea. Kesho atakutendea mwingine, na kesho kutwa mwingine, na wewe utabaki unashukuru mpaka koo likukauke, hupati nafasi hata ya kulalamika. Angalieni Pimbi yalivyomkuta.

Hadithi yangu imetua. Aliye karibu nayo aiokote, arushe kwake.

— Tumeiokota!

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Asante na wewe wa mlangoni, uliingia ukafunga.